Nimekubali kuuza duka mara mbili, na mara mbili nimekimbia

SWALI

Mwanangu mshauri, salaam. Mi ni mzee wa miaka 68, nina duka la mahitaji madogo madogo ya nyumbani, haya ya mtaani ambayo mtoto anatumwa na pesa kaikunja mkononi, na nililifungua nikiwa na miaka 34, kwahiyo ukipiga hesabu nusu nzima ya maisha yangu nimekuwa nyuma ya ile kaunta. Mbao pale ninapoegemeza kiwiko imeshaliwa, kuna kibonde kabisa, ukimwaga maji yanatuama. Sasa magoti yamegoma, daktari kasema habari ya kusimama kutwa basi, na mi mwenyewe nimechoka, nisikudanganye.

Watoto wangu watatu hakuna anayelitaka duka na siwalaumu maana mimi ndo nilikuwa nawaambia kila siku someni msije mkasimama hapa kama mimi, wakasikia. Kwahiyo nikatangaza nauza.

Akaja bwana mmoja, ana pesa yake taslimu, anataka kulipa yote kwa mkupuo. Yeye shida yake ni ile sehemu, anataka kuweka biashara nyingine kabisa, na kuhusu kijana wangu wa dukani kasema hamhitaji. Tukakubaliana, tukapeana mikono, siku ya kuandikishana ilipofika nikamwambia naumwa. Akanivumilia. Akarudi baada ya miezi miwili, safari hii akanipa advansi, asilimia 10 ya bei tuliyokubaliana, nikaipokea kwa mikono yangu miwili na kumsainia karatasi kwamba nimepokea. Siku ya kumalizia nikazima simu. Mpaka leo ni wiki ya tatu sijampokelea, na ile advansi sehemu yake nimeshalipia mzigo. Naona aibu hata kuandika.

Kilichonizimisha simu ni kijana wangu. Huyu nimekaa naye miaka 12, alikuja kubeba maboksi tu, sasa hivi anajua kila mteja anatumia nini, anajua nani akisema "nitaleta jioni" ataleta jioni na nani ataleta mwakani. Usiku mmoja tumeshafunga nusu ya mlango akaniambia mzee, kama unauza, niuzie mimi, nitakulipa kidogo kidogo kwa miaka 5. Ana akiba yake, nikiangalia ni kama robo ya bei. Basi. Sikumjibu, nikajifanya nahesabu chenji.

Binti yangu mkubwa kanijia juu, anasema baba huyo ulimlipa mshahara wake kila mwezi, humdai hakudai, chukua pesa taslimu ukapumzike. Mama yao yeye hasemi sana, ila juzi kaniambia kitu kimoja tu, kwamba amechoka kula chakula cha usiku peke yake miaka 34. Nilikosa pa kuangalia.

Halafu kuna daftari la madeni. Yule mnunuzi aliliona akasema hilo nalo lihesabiwe kwenye mali anayonunua. Mwanangu, kwenye lile daftari kuna watu wamehama, wengine wameshatangulia mbele za haki, kuna mama mmoja ukurasa wake peke yake una miaka, analipa vidogo vidogo anakopa tena, hajawahi kumaliza na hajawahi kukimbia. Najiuliza naweza kweli kumuuza yule mama?

Mahesabu ya vitabu sina, kila kitu kiko kichwani. Jengo nimepanga. Usiku nikishafunga kufuli nabaki nimeshika funguo najiuliza, duka likiondoka, kesho nikiamka saa 11 alfajiri naenda wapi? Nisaidie, nimuuzie nani, na kwanini naogopa hivi kwa jambo ambalo nimelianzisha mwenyewe?

Mzee wa kaunta

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nimekaa na kile kibonde cha kaunta kichwani siku nzima. Nitakujibu kwa urefu maana umeuliza swali moja ila ndani yake yamo kama manne, na naona yamekuchanganya kwasababu umeyafunga kamba moja.

Tuanze na lile linalouma, ile advansi. Kabla hujaamua nani anunue, kabla hujakaa na kijana, washa simu umpigie yule bwana kesho asubuhi. Usimtumie meseji, mpigie, na kama inawezekana muonane. Mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi, kwamba uliahidi, ukashindwa, ukaona aibu ukajificha. Umemkosea, na hilo halipunguzwi na sababu yoyote hata iwe nzuri namna gani, maana naye pesa yake imekaa na mipango yake imesimama wiki tatu. Kisha muulize anataka nini. Anaweza kusema rudisha hela yangu tumalizane, anaweza kusema bado nalitaka duka, anaweza pia kuwa ameshaingia gharama kwa ajili ya ahadi yako. Ile karatasi uliyosaini ipeleke kwa wakili kwanza akusomee, kwasababu karatasi ya kupokea advansi sehemu nyingine inahesabika ni mkataba wa kuuza na kuna maneno madogo humo yanaweza kukufunga. Ile sehemu uliyolipia mzigo irudishe kutoka kwenye mauzo ya wiki hizi, usiagize vitu vipya vikubwa mpaka hiyo pesa iwe imekamilika. Na usiipokee hela ya kijana hata senti ukamlipe nayo huyu bwana, hapo utakuwa umewauzia watu wawili kitu kimoja.

Hilo likiisha ndo tuje kwenye kuuza.

Mzee wangu, mi naona kuna vitu ambavyo ni vya kuuza, kuna ambavyo ungependa kumpa mtu, na kuna ambavyo wala si vyako kuviuza, na wewe umevipa vyote bei moja. Ndo maana ukifika mezani mkono unagoma. Ukivitenganisha utaona vingi hata havihitaji kulia navyo.

Vya kuuza ni mali iliyopo dukani, vifaa, na lile jina pamoja na wateja waliokuzoea, kile ambacho wengine wanakiita kilemba. Mali inahesabiwa usiku wa kuamkia makabidhiano, mkiwepo wote wawili, shelfu kwa shelfu, na inahesabiwa kwa bei uliyonunulia, usitumie bei unayouzia, maana faida ya kitu ambacho hakijauzwa bado haijawa ya mtu. Vile vilivyokaa shelfu ya juu mpaka vumbi limeganda, vilivyopita tarehe, vitoe kabisa kabla ya kuhesabu, usimwachie mtu mwingine uchungu wa kuvitupa. Vifaa vinathaminiwa kwa hali yake ya leo, yaani angevinunua vikiwa vimetumika angelipa ngapi.

Kilemba ndo kigumu na hapa nataka unisikilize sana kwasababu wenye maduka wengi wa umri wako wanajidanganya bila kujua. Umesema kila kitu kiko kichwani, kwahiyo ukiulizwa duka linaingiza ngapi unasema linabakiza kiasi fulani kwa mwezi. Sawa. Lakini je umeshawahi kujilipa mshahara? Ukisimama saa 14 kwa siku, siku 7, hiyo ni saa 98 kwa wiki, ni kazi ya watu wawili wanaofanya saa 40 kila mmoja na bado zinabaki 18. Tuseme duka linabakiza 100 kwa mwezi, na kumuajiri mtu wa kusimama mahali pako ingegharimu 70, basi faida ya duka lenyewe ni 30, ile 70 ni jasho lako na jasho lako haliuziki, unaondoka nalo. Mnunuzi makini ataangalia ile 30. Nakwambia hivi mapema ili mtu akikupa bei ya chini kuliko uliyoitarajia usidhani anadharau miaka 34 yako.

Na anza kuandika leo. Daftari jipya la mauzo ya kila siku, manunuzi, kodi ya pango, umeme, mshahara wa kijana, hata miezi mitatu tu inasaidia, na risiti za wanaokuletea mzigo zikusanye za mwaka mzima, kutoka hapo mhasibu anaweza kukutengenezea picha ya kueleweka. Bila hiyo picha hata kijana hawezi kukopesheka popote, na hilo nitalirudia.

Mwenye jengo naye umemtaja kwa maneno mawili tu, umepanga, ukapita. Rudi hapo. Umepanga maana yake ile sehemu siyo yako ya kuuza, unaweza kuuza biashara leo na mwenye jengo akamwambia mnunuzi kesho atoke. Soma mkataba wako wa pango, umebakiza muda gani, unaruhusu kumhamishia mtu mwingine au lazima mwenye jengo akubali kwa maandishi. Huyu aulizwe mwanzo kabisa, asiwe wa mwisho. Na kama kuna sehemu uliwahi kuweka sahihi kama mdhamini, iwe kwenye pango au kwa msambazaji, hakikisha jina lako linatolewa kwa maandishi, maana kuuza duka peke yake hakukutoi kwenye udhamini. Leseni pia sehemu nyingi haihami na duka, mnunuzi anaomba ya kwake. Kodi ya serikali muone mhasibu kabla ya kusaini, kuna namna za kugawa ile bei kwenye mali, vifaa na kilemba ambazo zinabadilisha kiasi utakachodaiwa.

Sasa kijana.

Mi naegemea kwake, nikwambie wazi, ikiwa yule bwana atakuwa amerudishiwa haki yake na kukuachia. Lakini siegemei kwasababu ya huruma. Naegemea kwasababu ile thamani ya duka lako ambayo haishikiki, nani analipa jioni na nani mwakani, iko kichwani kwa watu wawili tu duniani, wewe na yeye. Mgeni anayeweka biashara nyingine hanunui hicho, kwake ni kuta na mlango, kwahiyo kijana ndiye mtu pekee ambaye kwake kilemba kina maana.

Ila robo ya bei na miaka 5 ya kusubiri, wewe una miaka 68, utamaliza kulipwa una 73. Hapo usiende kwa moyo tu. Kwanza kaa na mama mpige hesabu mnahitaji ngapi kwa mwezi kuishi bila duka, dawa za magoti zikiwemo, na mna akiba gani nyingine. Kama zile awamu za kijana ndo chakula chenu basi hiyo robo haitoshi, mwezi atakaoyumba yeye mtalala njaa nyinyi. Mwambie aende na yale mahesabu akaombe mkopo aongezee afike angalau nusu, mtu mwenye miaka 12 kwenye biashara hiyo hiyo na vitabu vya kueleweka ana cha kuonyesha. Lakini mzee wangu usimdhamini huo mkopo. Najua utatamani. Ukimdhamini utakuwa umeuza duka na kubaki na deni lake, hatari yote imerudi mlangoni kwako.

Kilichobaki kiandikwe na wakili, awamu ngapi, tarehe ngapi ya mwezi, akichelewa mwezi mmoja inakuwaje na akichelewa minne inakuwaje, vifaa vinabaki kwa jina lako mpaka malipo ya mwisho, na jina la mama liandikwe kwamba wewe usipokuwepo yeye ndo anapokea. Na upande wake pia, akifariki yeye nani anaendelea. Najua mambo ya kufa hayapendezi kuandika na mtu unayempenda, yaandikeni hivyo hivyo. Msifanye kwa kuaminiana tu eti mmekaa miaka 12, maana mkiachia hivyo, siku atakayochelewa wewe utaona aibu kumdai na yeye ataona aibu kukupitia nyumbani, na wewe ukiona aibu tumeshaona unafanya nini, unazima simu.

Binti yako ana uchungu na wewe na sehemu kubwa yuko sahihi, asikasirikiwe. Ila ile ya "humdai hakudai" angalieni vizuri, nchi nyingi mfanyakazi wa muda mrefu ana haki zake biashara ikiuzwa au kazi ikiisha, likizo ambazo hakuchukua, mafao, notisi. Inawezekana kijana anakudai na hajui, au anajua na amenyamaza. Hicho kilipwe kama deni, kisije kikaitwa zawadi.

Halafu zawadi yenyewe. Ukitaka kumpunguzia bei kwasababu ya ile miaka, mpunguzie, hakuna atakayekulaumu, lakini kwanza mjue bei kamili. Kama duka ni 100 na unataka kumwachia 15, iandikwe 100, mzee amemwachia 15, analipa 85. Usimtajie tu 85 kimyakimya. Akijua amepewa 15 atalibeba kwa heshima, na watoto wako wataona kwamba baba hakupunjwa, alitoa kwa hiari. Na hiyo 15 muulize mama kwanza, maana nusu yake ni ya kwake, alilipia kwa kula peke yake.

Daftari la madeni mi ningelitoa kabisa kwenye mauzo. Usimuuzie yule bwana, na usimuuzie hata kijana. Ukimpa mtu wa pembeni madeni yale kwa bei, atataka kuirudisha hela yake, na yule mama wa ukurasa mzima atagongewa mlango na mtu asiyejua kwamba hajawahi kukimbia. Hayo ni makubaliano yako na watu wako, yafunge mwenyewe. Keti nalo jioni moja, waliotangulia wapigie mstari, waliohama na kupotea wapigie mstari, wanaoweza kulipa waambie kwamba unastaafu mwisho wa mwezi fulani na ungependa mmalizane, wengi watalipa wakisikia hivyo, utashangaa. Yule mama usimtumie mtu, nenda mwenyewe, mwambie imebaki kiasi gani na kiasi gani unamsamehe kama umeamua kumsamehe. Kijana aanze na daftari jeupe na sheria zake mwenyewe za kukopesha, na wewe usimwingilie kwenye hilo hata kama atakuwa mkali kuliko ulivyokuwa.

Kuna jambo lingine hapo hapo. Ukishakabidhi, mwezi mmoja muende naye kwa wanaokuletea mzigo, mtambulishe, zile namba za simu wateja wanazopigia zihamie kwake, halafu uondoke nyuma ya kaunta. Usibaki kukaa kwenye kigoda mlangoni. Nasema kwa upendo mzee wangu, ukikaa pale kila mteja atakusalimia wewe na kukuomba wewe, na kijana atabaki kuwa mbeba maboksi kwenye duka lake mwenyewe.

Na hapa ndo tunafika kwenye swali lako la mwisho, kwanini unaogopa. Umeandika kuhusu kijana, kuhusu daftari, kuhusu yule mama, lakini sentensi iliyonishika ni ile ya saa 11 alfajiri. Miaka 34 kuna mlango mmoja ambao usipoufungua wewe mtaa mzima unajua. Mtu aliyezoea kuhitajika hivyo akiambiwa akapumzike, anasikia kama anaambiwa hahitajiki tena. Hiyo hofu haiishi kwa kubadilisha mnunuzi, kesho ungepata wa tatu mwenye pesa nzuri na roho nzuri bado ungezima simu. Kwahiyo usiisubiri iishe ndo uuze. Anza kuondoka kabla ya kuuza, kidogo kidogo, wiki hii kijana afungue yeye asubuhi siku mbili, wiki ijayo tatu, na wewe hizo asubuhi usikae ndani unasikiliza kama mlango wa duka umefunguliwa, toka, tembea kadri magoti yanavyoruhusu, mpitie yule uliyekuwa unamwambia miaka yote "nikipata nafasi nitakuja". Siku za kwanza zitakuwa mbaya. Utajiona mzito, utatafuta sababu ya kupita dukani kuangalia kitu. Mwambie mama hivyo hivyo unavyojisikia, usimfiche kwa kujifanya umechoka tu, maana amekusubiri muda mrefu na anastahili kukuona ukiwa mzima na hofu zako.

Kwahiyo kesho asubuhi ni ile simu. Ila kuna cha leo pia. Leo jioni ukifika muda wa kufunga, mpe kijana funguo, mwache yeye akaze kufuli na wewe usimame pembeni tu uangalie, wala usimwahidi kitu bado, mwambie una jambo la kumalizana na mtu kwanza halafu utamjibu. Kisha nenda moja kwa moja nyumbani, ufike kabla mama hajaanza kula.